Kumbe zile kelele za gemu zina mwenyewe!

MPENZI msomaji, wiki hii nilikuwa nimekuandalia mitindo ya nywele za sikukuu, na picha zake tayari nilikuwa nazo. Samahani, itabidi zisubiri. Nyumbani kwetu kumetokea jambo ambalo nisipolisema nitapasuka, na ajabu yake ni kwamba chanzo chake ni gemu. Ndiyo, gemu! Ile ya kupigana ngumi na mateke ndani ya runinga. Sasa vuta kigoda ukae, usikimbilie kwanza ukurasa wa nyota.

Kama umekulia uswahilini hapa Dar es Salaam, huna haja ya kuelezwa kibanda cha gemu ni kitu gani. Chumba kimoja cha mbele, benchi moja la mbao, runinga mbili tatu zile za chogo, pazia mlangoni kuzuia mwanga, na mwenye kibanda amekaa pembeni na mfuko wake wa sarafu. Kibanda cha mtaani kwetu Temeke kilikuwa hivyohivyo. Kaka yangu alikuwa kama amezaliwa humo. Akitoka shule, begi anarusha sebuleni, huyo!

Jioni ikifika mama alikuwa ananituma mimi. "Nenda kamwite kaka yako, mwambie chakula kinapoa." Naenda. Lakini mtoto wa kike kuingia mle ndani ilikuwa balaa, wavulana wangekuzomea mpaka ujute. Basi nasimama nje ya pazia naita. Kaka anajibu bila hata kugeuka: "Nakuja, namalizia raundi hii." We, raundi ya kaka ilikuwa haiishi!

Sasa ukisimama nje ya pazia kila siku, huoni kitu, unafanya nini? Unasikiliza. Na mimi nikawa nasikiliza. Kulikuwa na mashine ya Sega, na kaseti iliyogombewa kuliko zote ilikuwa Street Fighter II. Wavulana walikuwa wakipiga kelele "alugeni! alugeni!" kila mtu alipotupa ule moto wa mikononi. Ukubwani ndiyo nikaja kujua kuwa neno lenyewe ni la Kijapani, hadouken. Lakini nyuma ya hizo alugeni kulikuwa na muziki, na muziki ule ulikuwa haufanani.

Baada ya wiki chache nilikuwa naweza kusema nani anapigana wapi bila kuona kitu. Kila mpiganaji ana kwao, na kwao kuna wimbo wake. Akiwa Chun-Li, yule dada wa Kichina, wimbo unaruka juu haraka haraka kama mtu anayekanyaga mawe kuvuka mto. Akiwa Guile, yule askari wa Kimarekani mwenye nywele zilizosimama kama ufagio, wimbo unasonga mbele kwa kifua, haurudi nyuma. Lile dubwana la kijani la Brazil, Blanka, lina lake. Dhalsim, yule Mhindi anayerefusha mikono, ana lake. Halafu kuna siri moja: mpiganaji mmoja akikaribia kuishiwa nguvu, muziki unaanza kukimbia. Nikisikia hivyo tu, nilikuwa najua kuna mtu anaachia pedi muda si mrefu. Narudi nyumbani namwambia mama, "Anakuja sasa hivi." Mama alidhani mimi mtabiri.

Haya, miaka ikaenda. Mimi nikamaliza kidato cha nne, nikaangukia kwenye kalamu hii unayoisoma. Kaka naye alimaliza kabla yangu. Baba yetu ni fundi seremala pale Keko, na ile Keko unaifahamu, ukitaka kitanda au kabati ndiyo kwenyewe. Baba alikuwa anamsubiri kaka ashike randa. Kaka akashika, siwezi kusema hakushika. Lakini usiku alikuwa chumbani na kompyuta ya mtumba aliyoinunua kwa hela za vibarua, ana kinanda kidogo cha kuchomeka, ana spika za masikioni, anatengeneza midundo. Siku moja akaja na habari kwamba kuna vijana wenzake wanaunda gemu ya kwenye simu, ya bajaji zinazokimbizana mitaani, na wamemwomba awatengenezee muziki. Akamwambia baba kwamba anataka kuacha useremala ajaribu hiyo.

Mpenzi msomaji, sikuwahi kumwona baba akiwa kimya namna ile. Alimaliza kula, akanawa, ndipo akasema: "Kazi ni kitu ukikigonga kinalia. Hiyo ya kwako nikiigonga italia wapi?" Kaka akajibu kwamba muziki ndiyo kitu pekee kinacholia bila hata kugongwa. Jibu zuri, lakini kwa baba yako mzazi unalijibia wapi? Pakawaka. Maneno yakatoka ambayo siyaandiki hapa. Kesho yake asubuhi kompyuta ilikuwa barazani, nje, na kaka akaibeba akaenda kwa rafiki yake Tabata. Miezi kumi. Miezi kumi baba na mwanawe hawajasalimiana, na mama katikati yao anapika chakula cha watu wanne tunakula watatu.

Ndiyo hali niliyokuwa nayo usiku mmoja nilipokuwa nimelala na simu, usingizi hauji. Nikakumbuka ule wimbo wa Guile. Nikautafuta. Kumbe haukuwa wimbo mmoja uliopotea, ulikuwa ndani ya albamu nzima! Albamu, kama za wanamuziki wengine wote, ina nyimbo zimepangwa, ina jalada, ina majina. Nikavaa spika za masikioni nikaisikiliza mwanzo hadi mwisho. Nakwambia nilikaa kitako. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nausikia muziki ule bila alugeni, bila matusi ya benchi, bila mwenye kibanda kudai hela yake. Kulikuwa na besi nilikuwa sijawahi kuisikia, na vikinanda vidogo vimejificha nyuma. Nilikuwa nimesimama nje ya pazia miaka yote ile, na siku ile pazia likafunguliwa.

Nikaanza kuchimba. Nikupe nilichokipata, maana hata wewe mchezaji sugu huenda hujui.

Wajapani walianza zamani kuuza muziki wa magemu peke yake. Mwaka 1984 mwanamuziki Haruomi Hosono, wa bendi ya Yellow Magic Orchestra, alitoa albamu ya sauti za magemu ya kampuni ya Namco. Watu wakanunua! Ikawa kawaida: gemu ikivuma, santuri yake nayo inaingia madukani. Street Fighter II ilipotoka mwaka 1991 kwenye zile mashine kubwa za kudumbukiza sarafu, albamu yake nayo ikafuata. Albamu nyingi za namna hiyo zilikuwa na sehemu mbili. Kwanza muziki ule ule unaotoka ndani ya mashine, halafu nyimbo zilizopigwa upya na watu wenye magita na ngoma kama bendi ya kawaida. Kampuni ya Capcom, wenye Street Fighter, ilikuwa na bendi yake ya nyumbani iliyoundwa na wafanyakazi wake wa kitengo cha sauti. Jina la bendi? Alph Lyla. Ukilitamka vizuri utacheka, maana wamelitoa kwenye Alfu Lela Ulela, hadithi zile zile tulizosimuliwa hapa pwani!

Na usidhani walikuwa na vyombo vya kuchezea. Mashine ile ya 1991 ilitegemea chipu ya muziki ya Yamaha, YM2151, yenye uwezo wa kutoa sauti 8 kwa mpigo na basi. Nane tu! Sauti za watu na vishindo vya ngumi vilikuwa na chipu yao nyingine. Halafu wimbo lazima uzunguke, ukifika mwisho unarudi mwanzo bila mtu kushtuka, kwa sababu hujui raundi itachukua muda gani. Na lazima usikike katikati ya ukumbi ambao mashine ishirini zinalia pamoja. Ndiyo maana nyimbo zile zina melodi kali inayoingia kichwani mara moja. Mtunzi alikuwa anashindana na makelele ya ukumbi mzima. Mimi nilizisikia kupitia pazia na zikaniingia, kwa hiyo naweza kutoa ushahidi.

Mtunzi mwenyewe sasa. Nilikuwa na hakika ni mwanaume. Kumbe karibu nyimbo zote za Street Fighter II zimetungwa na mwanamke, Yoko Shimomura, na chache zimetungwa na mwenzake Isao Abe. Shimomura amezaliwa mwaka 1967 katika mkoa wa Hyogo, Japani. Alianza piano akiwa mtoto mdogo, akasomea chuo cha muziki cha Osaka, akamaliza mwaka 1988. Njia ilikuwa imenyooka: awe mwalimu wa piano. Kazi ya heshima, ukiitaja kwa wakwe wanatikisa kichwa. Yeye akaenda Capcom kutunga muziki wa magemu. Miaka mingi baadaye alisimulia mwenyewe kwamba uamuzi ule uliwasikitisha sana walimu wake, rafiki zake na familia yake.

Hapo niliweka simu chini, msomaji. Nikatazama ukuta wa chumba cha pili, pale kilipokuwa kitanda cha kaka. Nikasema kumbe hata Japani!

Nikaendelea kusoma. Miaka mitatu baada ya kuajiriwa, binti yule wa miaka kama ishirini na nne akawa ametunga muziki uliosikika karibu dunia nzima. Toleo la nyumbani la Street Fighter II, la mashine ya Super Nintendo lililotoka 1992, peke yake liliuza nakala milioni 6.3. Lakini jina lake nani alilijua? Mwishoni mwa gemu, pale majina ya waliotengeneza yanapopita, wafanyakazi wa Capcom wa enzi zile waliandikwa kwa majina ya utani. Yeye ameandikwa "Shimo-P".

Na kama hujaona uchungu wa hilo, ngoja nikuongezee. Mwaka 1994 Wamarekani walitoa filamu ya Street Fighter, ile ya Jean-Claude Van Damme. Ikatoka na albamu yake. Humo walijaa wakubwa wa rapu: Ice Cube, Nas, LL Cool J, na hata Angélique Kidjo wetu wa Benin ana wimbo. Albamu si mbaya, nimeisikiliza. Ila nyimbo za Shimomura, zile zilizofanya watoto wa Temeke wasile chakula cha jioni, hamna hata moja. Jina la Street Fighter kwenye jalada, mwenye sauti ya Street Fighter hayumo.

Sikusema kitu kwa mtu. Nilingoja Jumapili, siku ambayo baba hufanya kazi zake ndogo ndogo pale uani, hana wateja. Alikuwa anapiga msasa mguu wa meza. Nikamsalimia, nikakaa kwenye gogo, nikauweka wimbo wa Guile kwenye simu, sauti ya wastani. Sikumwambia ni nini.

Baba akaendelea na msasa. Wimbo ukazunguka mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu nikagundua msasa unakwenda na mdundo. Nikabana kicheko.

"Hao ni bendi gani?" akauliza.

"Si bendi, baba. Ni gemu. Ile aliyokuwa akicheza kaka pale kibandani."

Msasa ukasimama. Nikaona hapa ama nakimbia ama nasema yote. Nikasema yote. Nikamweleza mama yule wa Kijapani, piano tangu utotoni, chuo, kazi ya ualimu aliyoiacha, wazazi walivyosikitika.

"Walikuwa na haki," baba akasema.

"Ndiyo, baba."

Kimya. Akapuliza vumbi la mbao. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Alilipwa?"

"Alikuwa ameajiriwa, baba. Ana mshahara kama mtu wa ofisini."

"Na jina lake waliandika?"

"Waliandika jina la utani. Shimo-P."

"Shimo?"

"Ndiyo, Shimo."

Baba yangu akacheka! Miezi kumi sijasikia kicheko kile. "Basi kweli walimtia shimoni!" Akacheka mpaka akakohoa. Halafu kicheko kikaisha polepole, akaugeuza ule mguu wa meza mkononi, akautazama kwa chini, pale ambapo hakuna mtu huwa anatazama.

"Mimi nimetengeneza vitanda tangu mwaka themanini na tisa," akasema. "Watu wamezaliwa juu yake, wengine wamefia juu yake. Hakuna anayejua nani alikitengeneza. Mwenye duka anabandika jina lake, mimi napewa changu naondoka." Akanyamaza kidogo. "Huyu bwana mdogo nilimwambia aje tufungue karakana, tuandike ubao wa jina letu. Yeye anakwenda kuwafanyia watu kazi ya kelele, bila mkataba, bila jina. Wewe unadhani mimi sipendi muziki?"

Mpenzi msomaji, miezi yote ile nilikuwa nadhani baba anachukia gemu. Kumbe baba alikuwa anaogopa. Alikuwa anamwona mwanawe anatoka kwenye kazi moja isiyo na jina anaingia kwenye nyingine isiyo na jina, tena hii haina hata meza ya kushika.

Nikamwambia hadithi haijaisha. Nikamsomea moja baada ya nyingine.

Shimomura aliondoka Capcom mwaka 1993 akaenda kampuni ya Square, kwa kuwa alitaka kutunga muziki wa magemu ya hadithi ndefu, wenye vinubi na fidla. Huko akafanya Super Mario RPG mwaka 1996, Parasite Eve mwaka 1998 na Kingdom Hearts mwaka 2002. Zile nyimbo zake za ujanani nazo hazikuzikwa. Vijana wa intaneti waliuchukua wimbo wa Guile wakaanza kuuweka chini ya video ya kitu chochote, paka anaruka, mzee anacheza, basi linakwama, eti kwa sababu wimbo ule unakubaliana na kila kitu. Na ni kweli, jaribu uone! Katikati ya miaka ya 2010 kampuni moja ndogo inayopenda muziki wa magemu, Brave Wave, ikatoa upya albamu ya Street Fighter II, imesafishwa, matoleo mawili ya mashine mbili tofauti. Safari hii hakuna Shimo. Ni Yoko Shimomura na Isao Abe, majina kamili.

"Hiyo sawa," baba akasema.

Nikamwambia tarehe 23 Julai 2021, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, timu zote ziliingia uwanjani zikisindikizwa na muziki wa magemu ya Kijapani, na katika muziki ule kulikuwa na wa Shimomura kutoka Kingdom Hearts. "Na sisi tulipita?" Tulipita, baba, Tanzania ilipita na bendera yake, na Kenya, na wote, kwenye muziki wa gemu. Nikamwambia Aprili 2025 kule London, chama cha BAFTA, wale Waingereza wa tuzo za filamu na runinga, walimpa heshima yao kubwa kuliko zote, ile wanayoiita ushirika wa BAFTA. Binti aliyewasikitisha walimu wake mwaka 1988!

Baba akachukua tena msasa. Nikadhani ameshachoka na mimi. Nikaanza kuinuka.

"Hicho kinanda chake," akasema bila kunitazama, "kina upana gani?"

Sikujibu haraka, koo lilikuwa limenikaba. Nikasema sijui, nitamuuliza.

"Muulize. Na hiyo kompyuta isikae chini, itaingia maji."

Nilimpigia kaka usiku ule. Sikumweleza habari za Olimpiki wala BAFTA. Nilimwambia tu, "Baba anauliza kinanda chako kina upana gani." Upande wa pili kukawa kimya mpaka nikadhani vocha imekatika. Kisha nikasikia anavuta kitu, na futi ya chuma inalia. Akanipa vipimo.

Meza ilikamilika siku kumi baadaye. Mninga, si mbao za hivihivi. Ina tundu nyuma la kupitishia waya, ina rafu ya spika. Jumamosi iliyopita kaka alikuja kuichukua na kirikuu cha kukodi. Akasema, "Shikamoo baba." Baba akasema, "Marahaba." Wakaibeba wote wawili, mmoja huku mmoja kule, wakabishana jinsi ya kuipitisha mlangoni kama mafundi wa Keko walivyo. Mengine hawakuyazungumza. Chakula tulikula wanne.

Nisikudanganye kwamba mambo yamekwisha. Gemu ya bajaji bado haijatoka na hela yenyewe bado ni ahadi. Ila kaka amekubali jambo moja ambalo baba alilishikilia: kabla hajawapa wale wenzake wimbo mwingine, waandikishane, malipo yaandikwe na jina lake kamili liwemo ndani ya gemu. Wametia saini juzi. Shahidi wa kwanza kwenye karatasi ni fundi seremala mmoja wa Temeke.

Na wewe kijana unayesoma hapa, najua unazo nyimbo za magemu kichwani, labda za Street Fighter, labda za Tekken, unazipigia mluzi kwenye daladala. Leo ukifika nyumbani tafuta albamu yake, vaa spika za masikioni, zisikilize bila makelele. Halafu soma jina la mtunzi, lote, usiishie kwenye jina la gemu. Kama ni Street Fighter, usiache ile 3rd Strike ya 1999 ya Hideki Okugawa, yenye rapu ya Mkanada Infinite, maana ni bomba ile mbaya. Na kama una mtoto, mdogo wako au kaka yako anayekesha na kompyuta anatengeneza "kelele", kabla hujaitoa barazani muulize maswali mawili ya baba yangu: unalipwa, na jina lako limeandikwa?

Ah, nilisahau. Kaka alipofika Tabata aliipindua ile meza ili aifunge vizuri miguu, akanipigia picha ya chini yake. Baba ameandika kwa penseli ile ya kuchorea mbao: jina lake, la kwake na la baba yake, na mwaka.

Nywele za sikukuu ni wiki ijayo. Wasalaam.